Mapovu kwenye kijiti

Juzi kijana ninayefanya naye kazi alijifuta mikono, akaitazama bekihou, ule mtambo wa kuchimba udongo, iliyogoma mbele yetu, akasema, "Kaka, hii ni giaboksi. Tuishushe tu." Aliisema kwa uhakika ule ule niliokuwa nao mimi zamani. Mgongo ukaanza kuniuma kabla sijagusa hata jeki.

Mimi niliwahi kushusha giaboksi nzima kwa ajili ya oringi moja, kile kipete cha mpira kinachoziba kwenye kiungo.

Mtambo wenyewe wa siku hizo ulikuwa na tabia yake. Asubuhi ukiwa baridi unakwenda mbele, unarudi nyuma, unasukuma udongo bila shida. Ikifika dakika ya 40 hivi unalegea. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, magurudumu yametulia tuli. Mbele hakuna, rivasi hakuna. Uzime, ukae nusu saa, uwashe tena: unakwenda kana kwamba ulikuwa unakutania. Mzee aliyekuwa akiuendesha alinieleza yote hayo, akamalizia, "Ukipumzika, fundi, unapona."

Nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye miaka miwili tu ya kushika spana. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, nikasema, na sili za pistoni za klachi zikishakakamaa zinavujisha presha ya oili inayobana sahani, kwa hiyo sahani zinateleza. Hata leo naona yalikuwa maelezo mazuri. Ila klachi ya mbele ina sili zake na ya rivasi ina zake, na mimi nilikuwa nadai zote zinakufa kila siku kwa dakika moja, kisha zinafufuka pamoja.

Presha sikupima. Geji ilikuwa ndani ya sanduku, hatua kumi kutoka niliposimama. Nilichofanya ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa inazunguka. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, imejaa mapovu madogo madogo kama ya sabuni. Nikakifuta kijiti kwa kitambaa na kuandika kwenye daftari: "Oili ipo, ya kutosha."

Kushusha kulichukua siku tatu, na sitawachosha nazo: propela shafti, hozi za kupozea oili, waya, bolti za kwenye injini, minyororo, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikaifungua. Sahani za klachi zilikuwa nzuri mpaka nikaona aibu, mifereji yake bado inaonekana vizuri. Nikabadilisha sili zote za klachi hata hivyo, maana ukishafika ndani huwezi kutoka ukasema hukukuta kitu. Tukaifunga, tukairudisha, tukawasha.

Dakika 40, ikasimama.

Mzee hakugomba. Alishuka taratibu, injini akaiacha inazunguka, akachomoa kile kijiti na kukileta mpaka machoni pangu. "Haya mapovu, fundi," akauliza, "ndivyo inavyotakiwa?"

Aliuliza kwa kutaka kujua, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilisimama pale natazama vile vitone vyeupe vikipasuka kimoja kimoja kwenye chuma. Halafu nikasikia pampu ya oili. Ilikuwa inalia, sauti nyembamba ya mluzi, ambayo nilikuwa nimeisikia tangu siku ya kwanza nikidhani ni uzee wa mtambo. Nikaenda zile hatua kumi, nikaleta geji, nikaifunga kwenye tundu la kupimia. Kwa mtambo ule nilitakiwa kuona presha ya bar 14 hivi. Mshale ulikuwa unatetemeka kati ya 5 na 8.

Nikachota grisi kwa kidole, nikaipaka kuzunguka kiungo cha bomba ambalo pampu hufyonzea oili. Ikavutwa ndani, ikaacha kitundu. Nikaongeza, nikaongeza tena. Mluzi ukakatika. Mapovu yalivyozidi kupungua mshale ukawa unapanda, ukasita kwenye 11, ukapanda tena, ukatulia kwenye 14. Hakuna aliyesema neno. Mzee alikuwa bado ameshika kijiti.

Kile kiungo kiko juu ya usawa wa oili, ndiyo maana chini hapakuwa na tone hata moja. Hakikuwa kinatoa oili, kilikuwa kinaingiza hewa. Povu linabonyea, na klachi haiwezi kubanwa na kitu kinachobonyea. Ukizima, hewa inapanda na kutoka, oili inarudi kuwa oili. Ukipumzika unapona. Oringi ya pale ilikuwa bapa upande mmoja, ngumu kama plastiki, na siku ya kufungua nilikuwa nimeishika mkononi, nikaifuta vizuri, nikairudisha.

Sikumwomba mzee radhi. Nilimwambia tatizo lilikuwa dogo tu. "Dogo, eeh," akaitikia, akapanda kwenye kiti chake.

Kwa hiyo juzi nikamwambia kijana hatushushi kitu. Nikamtolea hotuba ya kijiti. Tukakichomoa: hakuna povu. Nikapaka grisi kwenye kila kiungo nilichokifikia. Nikafunga geji, presha ya pampu ikawa nzima. Nikakagua fyuzi, nikabadilishana soketi za solenoidi, zile vali za umeme zinazopeleka oili kwenye klachi, ya mbele kwa ya rivasi, nikaitilia shaka hata ile swichi ya kukata gia iliyo kwenye mkono wa ndoo. Jua likazama. Kijana alikuwa ananishikia tochi, na nadhani alikuwa amesubiri muda mrefu kabla ya kusema, kwa adabu zote, "Kaka, lakini rivasi ina nguvu. Haiendi mbele tu."

Jana tuliishusha. Sahani za klachi ya mbele zilikuwa nyeusi, nyingine zimebaki chuma kitupu, na harufu ya kuungua ilitukaa mpaka kwenye nguo. Kijana akazipanga juu ya gazeti, moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kama hizi nazo nitazipaka grisi.