Nilivyoinasa ransomwea kwa chambo, baada ya kuaibika kwanza

Nianze na lawama kabisa. Kila niliyemuuliza namna ya kujikinga na ransomwea, vile virusi vinavyofunga mafaili yako halafu vinadai hela, alinijibu kitu kilekile: "weka antivairasi nzuri basi". Tulikuwa nayo, tena ya kulipia. Siku ya siku ilipofika imetulia tuli kama maji mtungini, kilichotuokoa ni faili la Excel lisilo na maana yoyote nililokuwa nimelificha kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi.

Mimi ndio mtu wa kompyuta ofisini, na ndio huyohuyo wa printa na wa kila kitu chenye waya. Tuna seva moja ya Windows yenye folda ya pamoja, na watu kama ishirini wanaichokonoa kutwa nzima. Hesabu yangu ilikuwa hivi: virusi hivi vinabadilisha sura kila leo ili antivairasi isivitambue, sawa, ila kazi yenyewe vitaifichia wapi? Lazima viandike upya mafaili yako, mara nyingi vinabandika ekstensheni mpya (ule mkia wa jina la faili, kama .docx), na vinaacha kikaratasi cha vitisho kwenye kila folda. WannaCry ya Mei 2017 ilikuwa inabandika .WNCRY na kuacha @Please_Read_Me@.txt. Mafaili yanazaliwa kama kumbikumbi, ukiwa macho unayaona.

Nikaanza kwa mbwembwe. Windows Server ina kitu kinaitwa File Server Resource Manager, unakipa orodha ya majina na ekstensheni, faili la aina hiyo linakataliwa lisizaliwe. Nikatafuta orodha ndefu ya ekstensheni za ransomwea, nikaimwaga yote bila kusoma hata mstari mmoja, nikaenda kulala najiona mtaalamu. Asubuhi dada wa uhasibu kanipigia, "kaka, programu inakataa kusevu, inasema sina ruhusa". Nikamwambia azime awashe. Akazima akawasha. Nikamwambia arudie tena 🙈. Tumehangaika karibu masaa mawili, mpaka nimetoa programu na kuiweka upya, kumbe programu yao inahifadhi kopi zake kwa .enc na .enc imo kwenye orodha yangu mwenyewe. Sikumwambia mtu, nikasema ni "hitilafu ya mtandao". Halafu hata isingeleta balaa hilo, orodha ni ya virusi vya jana, vingine siku hizi vinatunga ekstensheni ya herufi za kubahatisha kila vinapoingia.

Nikahamia kuchungulia seva nzima kwa skripti ya PowerShell, yaani kijiprogramu cha amri za Windows, mtu akibadilisha mafaili mengi kwa dakika moja nipate meseji. Duh. Akihamisha mtu picha za sherehe, meseji. Programu ikitengeneza mafaili yake ya muda, meseji. Tena ule mfumo wa kuchungulia una bafa, yaani sehemu ya kuwekea taarifa kwa muda, ya KB 8 tu usipoiongeza, mafaili yakija kwa fujo unaanza kuangusha mengine chini, yaani unapofuka palepale unapouhitaji.

Ndio nikaja kwenye chambo. Unaweka mafaili ambayo hakuna binadamu mwenye sababu ya kuyagusa, halafu unachungulia hayo tu. Bafa haijai, meseji haziji ovyo. Nikaweka folda moja inayoanza na alama ya mshangao ili ikae juu kabisa kwenye mpangilio, na nyingine inayoanza na zzz, kwa sababu sikutaka kubahatisha vitaanzia wapi. Ndani nikaweka Word, Excel, PDF na picha, mafaili ya kweli yenye maandishi.

Sasa akili yangu ikanituma moja la Excel nilipe jina "Mishahara mipya". Siku ya kwanza tu simu imelia mara tisa. Excel ukilifungua faili inatengeneza kijifaili kidogo pembeni kinachoanza na ~$, na mimi nilikuwa nachungulia kila kinachozaliwa humo. Nilijua ofisi nzima nani ana wasiwasi na mshahara wake, na bosi alikuwemo. Nikabadilisha jina likawa la kuchosha, kitu kama ripoti_ya_zamani_3, nikazificha folda zote mbili. Mtu wa kawaida hazioni, ila programu inayopita kila kona ya diski inazikuta.

Ujanja ninaojisifia ni huu: skripti inaona faili jipya ila haikwambii nani kalileta. Sasa faili likizaliwa lina mmiliki, na kwa kawaida mmiliki ni akaunti iliyolitengeneza. Skripti inasoma mmiliki, inaifungia akaunti hiyo folda ya pamoja papo hapo, ndipo inanitumia meseji. Usisubiri mtu aamke aamue.

Miezi kadhaa kimya. Siku moja mchana meseji imeingia: kwenye folda ya juu kuna ripoti_ya_zamani_3.xlsx imeota mkia wa herufi sita, na kifaili cha txt pembeni. Mmiliki ni kijana mmoja wa mauzo. Nimekimbia mpaka mezani kwake nikachomoa waya wa mtandao, yeye bado anashangaa, "bro, mbona ikoni zangu zote zimekuwa nyeupe?" Alifungua ankara iliyokuja kwa imeili akaruhusu makro, vile vijiprogramu vinavyojificha ndani ya faili la Office. Waya chomoa, ila kompyuta usiizime kwa pupa, maana wakati wa WannaCry ilitoka zana iliyoweza kuokoa ufunguo wa kufungulia mafaili kutoka kwenye memori ya Windows XP, mradi tu kompyuta haijazimwa.

Kwenye seva tulipoteza mafaili mia mbili na kitu, yote yakarudi kutoka kwenye diski ya bekapu ambayo naichomoa kila jioni. Ichomoe kweli, ukiiacha imechomekwa nayo inafungwa, na zile kopi za kivuli, yaani kopi za akiba ambazo Windows inajitunzia kwenye diski yenyewe, ndizo huwa vinazifuta mapema kabisa. Kompyuta ya yule kijana nimeipiga Windows upya, picha zake zimekwenda. Gharama? Hela hakuna ya maana, usingizi ndio umekwenda mwingi.

Antivairasi ilitoa onyo kesho yake asubuhi, ikishajisasisha, kuhusu ileile ankara iliyobaki kwenye imeili. Nimeipiga picha hiyo skrini, nimeitunza.