Wino wa Kidoleni

Jana baada ya sala ya Alasiri, mpwa wangu, ambaye ametimiza miaka 20 na bado hajajiandikisha kuwa mpiga kura, aliketi nami barazani akaniuliza bila kejeli yoyote: "Mjomba, hiyo kura yenu imewahi kubadilisha nini?" Sikuwa na jibu la haraka, nikajikuta nikimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Hoja anayo. Wabunge waliopitisha Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, tarehe 25 Juni 2024 tuliwachagua sisi wenyewe, na kilichomfanya rais akatae kuutia sahihi siku iliyofuata hakikuwa karatasi ya kura bali vijana waliojaa mabarabarani, kuanzia Nairobi hadi hapa Mombasa, ambao baadhi yao hawakurudi makwao.

Nilimkumbusha Owino Uhuru, kijiji cha huku Mikindani, ambako sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia katika damu za watoto. Waliosimama ni wanakijiji wenyewe pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mwanawe pia alidhurika, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mpwa wangu akacheka: "Si hayo ninayosema?" Lakini haki ya mazingira safi imeandikwa katika kifungu cha 42 cha Katiba, na Katiba hiyo ilipita kwa kura zetu tarehe 4 Agosti 2010. Bila kura hiyo wangeshika nini mbele ya hakimu?

Wala sidai kwamba kura hujitosheleza. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1991 baada ya watu kupigwa na kufungwa, si baada ya serikali kuombwa kwa adabu. Hata hivyo, upinzani uligawana kura mwaka 1992 na 1997, Rais Moi akashinda mara zote mbili bila kufikia nusu ya kura. Ulipoungana mwaka 2002, chama chake cha KANU kikaondoka madarakani baada ya miaka 39, jambo ambalo maandamano ya miaka yote ile hayakuliweza peke yake.

Hapo nilijiona nimeshinda, nikamsimulia jinsi nilivyopanga foleni mara mbili Agosti 2022, tarehe 9 na tena tarehe 29, kwa kuwa uchaguzi wa gavana wetu uliahirishwa kwa kosa la karatasi za kura. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nimehudhuria mikutano mingapi ya kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, ambayo sheria inataka tushirikishwe.

Sijahudhuria hata mmoja. Nilimwambia ujao twende pamoja. Akasema atafikiria, akachukua vikombe akaingia ndani.