Mara ya Kumi na Mbili

Mwaka 2014 nilikabidhiwa kazi ya kuhamisha programu ya maktaba kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, mifumo miwili ya kuhifadhi data, kazi ambayo mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, niliikadiria kuwa ya wiki mbili. Programu hiyo ilikuwa imeandikwa miaka kumi kabla, enzi za MySQL 4.1, na majedwali yake yote yalitumia injini ya MyISAM, sehemu ya MySQL inayoandika data kwenye diski, ambayo haina miamala (mabadiliko yanayokubaliwa yote kwa pamoja au kubatilishwa yote) wala haiwezi kujinusuru umeme unapokatika katikati ya kuandika. Kila umeme ulipozimika ghafla tulikuta jedwali la uazimaji limeharibika, nasi tukakaa kulikarabati kwa amri ya REPAIR TABLE huku wasomaji wakisubiri kwenye foleni na vitabu mkononi. Sababu ya kuhama ilikuwa hiyo tu. Hoja nyingine zote zilizotajwa kikaoni zilikuwa mapambo.

Nilidhani kwamba, kwa kuwa mifumo yote miwili inazungumza SQL, lugha ya kuuliza na kuandika data, tofauti ingekuwa ya lafudhi. Kwa upande wa muundo sikukosea sana: AUTO_INCREMENT, namba inayojiongeza yenyewe kwa kila rekodi mpya, ikawa serial, tinyint (namba ndogo) iliyotumika kama ndiyo au hapana ikawa boolean, na vile vialama vinavyozunguka majina ya majedwali katika MySQL vikaondolewa. Hayo yalichukua siku mbili na hayana hadithi.

Hadithi ilianza nilipojaribu kumimina data. Nilitoa kila jedwali katika faili na kuliingiza kwa amri ya COPY, ambayo ina tabia moja ya kuchosha: ikikutana na mstari mmoja mbovu husimama na kufuta yote iliyokwisha kuingiza, hata kama mistari elfu thelathini iliyotangulia ilikuwa safi. Kosa la kwanza lilikuwa la mwanachama aliyezaliwa Februari 31. MySQL ya enzi zile za 4.1 ilihakiki tu kwamba mwezi hauzidi 12 na siku haizidi 31, kisha ikapokea chochote ilichoandikiwa bila kunung'unika. Nilirekebisha, nikaendesha tena, nikakwama mbele kidogo kwa mwingine wa Aprili 31. Nilipoacha ukaidi na kuandika hati ndogo ya kuchuja tarehe zote kwa mpigo, nilikuwa nimepoteza karibu siku nzima.

Kubwa zaidi lilikuwa jedwali lenyewe la uazimaji. Katika safuwima ya tarehe ya kurudisha, kila kitabu ambacho kilikuwa bado mikononi mwa msomaji kiliandikwa 0000-00-00, tarehe ambayo PostgreSQL haiitambui na haikubali kuipokea. Niliyeirithi programu hiyo kwake alikuwa amestaafu, lakini simu yake alikuwa akiipokea. Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini hukuacha NULL?" Akacheka, akasema, "Mwanangu, NULL ilinisumbua sana. Sufuri naziona kwa macho." Sikuweza kumlaumu, kwa sababu NULL, alama ya kwamba hakuna thamani, hailingani na kitu chochote, hata na NULL mwenzake, na mtu anayeandika sharti kwa alama ya usawa hupata jibu tupu bila kuonywa. Hata hivyo sufuri zake zilikuwa zimetapakaa katika msimbo kila mahali, na nilizisaka moja moja nikiweka IS NULL badala yake.

Utafutaji wa majina nao ulitaka marekebisho. Hifadhidata ya zamani ilikuwa imeachwa na ulinganishaji wake wa kuzaliwa, yaani kanuni yake ya kulinganisha na kupanga maneno, latin1_swedish_ci, jina linalotokana na Uswidi ilikoanzia kampuni ya MySQL, na ulinganishaji huo haujali herufi kubwa wala ndogo. PostgreSQL hujali. Msomaji aliyesajiliwa kwa herufi kubwa tupu hakuonekana alipotafutwa kwa herufi ndogo, na ilibidi kila ulizo la jina lipitishwe kwenye lower(), inayogeuza herufi zote kuwa ndogo. Rekodi za uazimaji zilizomtaja mwanachama asiyekuwapo tena, ambazo MyISAM ilizivumilia kwa kuwa haisimamii funguo za kigeni, yaani namba zinazounganisha rekodi ya jedwali moja na ya jingine, nilizitenga katika jedwali la pembeni. Wenzangu walitaka zifutwe. Nilikataa, na ningekataa tena leo, maana deni la kitabu halifutiki kwa sababu mtu fulani alifuta jina la mdaiwa.

Wiki mbili zilikuwa zimekuwa saba tulipofunga mfumo wa zamani Ijumaa jioni. Jumamosi yote nililinganisha hesabu: idadi ya rekodi katika kila jedwali, jumla ya faini hadi senti ya mwisho, orodha ya vitabu vilivyo nje. Kila kitu kilioana. Nililala vizuri, na nasema hivyo kwa aibu, kwa kuwa majaribio yote ya siku ile yalikuwa ya kusoma. Majaribio ya kuandika nilikuwa nimeyafanya wiki zilizotangulia, tena kwenye hifadhidata tupu ambayo programu yenyewe iliijaza kuanzia rekodi ya kwanza.

Jumatatu asubuhi dawati la kuazimisha lilikwama kwa msomaji wa kwanza kabisa. Mfumo ulidai kwamba ufunguo msingi, yaani namba ya kipekee ya rekodi, umejirudia. Karani alijaribu tena, ukadai vilevile. Akajaribu mara ya tatu, akaniita. Wakati huohuo simu ya ndani ililia kwamba vitabu vilivyo nje vimepotea kwenye orodha. Hilo la pili nililitambua upesi: orodha ilipangwa kwa tarehe ya kurudisha, na wakati sufuri za mzee zilikaa juu ya tarehe zote, PostgreSQL huziweka NULL mwisho isipoambiwa vinginevyo. Vitabu vilikuwepo, ila kwenye ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Nikaongeza NULLS FIRST, simu ikanyamaza.

Lile la kwanza sikulielewa. Nilikagua jedwali la uazimaji nikitafuta namba iliyojirudia, nisiione hata moja. Nilikuwa bado nimeinamia skrini mkutubi mkuu alipotoka ofisini kwake akiwa na daftari.

"Mbona mimi yangu imekubali?" akasema.

"Ipi, mama?"

"Aina mpya ya faini. Ilikataa kama hiyo yenu, nami nikabonyeza tena, ikakataa, nikabonyeza. Ya kumi na mbili ikakubali."

Nilimuuliza kama ana hakika ni ya kumi na mbili. Akanionyesha daftari: alikuwa amechora kijistari kwa kila jaribio, ili apate ushahidi wa kunilalamikia. Nikafungua jedwali la aina za faini. Kabla ya asubuhi ile lilikuwa na rekodi 11.

Hapo nikaona nilichokifanya. Katika PostgreSQL namba za serial hutolewa na kihesabio kinachoishi nje ya jedwali, na COPY inapoingiza rekodi zenye namba zake tayari, kihesabio hakina habari. Vyote vilikuwa vimesimama mwanzo. Mama alipobonyeza mara ya kwanza alipewa 1, namba yenye mwenyewe. Ombi likakataliwa, lakini namba iliyokwisha kutolewa hairudishwi hata muamala ukibatilishwa, kwa hiyo mara ya pili alipewa 2, kisha 3, hadi alipozimaliza zote 11 na kuangukia iliyo wazi. Dawati la mbele lilikuwa kwenye safari hiyohiyo, ila mbele yake zilikuwapo rekodi zaidi ya elfu arobaini.

Niliandika setval, amri ya kukiweka kihesabio kwenye namba unayotaka, kwa kila jedwali, kila kihesabio kikaanzia kwenye namba kubwa iliyopo, na foleni ikaanza kusogea kabla ya saa nne. Mama alikuwa bado amesimama nyuma yangu.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naihesabia?"

"Ulikuwa unaihesabia, mama."

Akauliza kama aifute aina yake ya faini aiandike upya. Nikamwambia aiache, imekaa penye namba yake. Akafunga daftari akarudi ofisini.