Walisema asilimia 80 wameridhika: nilivyoipima kauli hiyo

Uongozi wa kazini ulibandika tangazo ukutani: asilimia 80 ya wafanyakazi wameridhika na ratiba mpya ya zamu. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi, na malalamiko niliyokuwa nikiyapokea hayakuoana kabisa na namba ile. Lakini malalamiko peke yake hayatoshi, kwa sababu aliyeridhika hana haja ya kunitafuta.

Nikauliza watu 10. Sita wakasema wameridhika. Wenzangu wakafurahi: "Si unaona? Ni 60, si 80!" Nikachukua kikokotoo. Ikiwa kweli asilimia 80 wameridhika, uwezekano wa kupata watu 6 au pungufu kati ya 10 ni kama 0.12. Yaani hata tangazo likiwa sahihi, jambo hili lingetokea karibu mara moja katika kila mara nane. Kwa hilo humshutumu mtu. Tena wale 10 walikuwa wa meza moja ya chakula, wanaozungumza kutwa hadi maoni yao yanafanana, ilhali hesabu hii, iitwayo ya binomia (uwezekano wa kupata idadi fulani ya majibu ya ndiyo au hapana), inataka kila jibu lijitegemee.

Nikaanza upya. Tulikuwa zaidi ya 400, hivyo nikaandika namba ya kila mmoja kwenye kikaratasi, nikachanganya, nikachomoa 20, na kila mmoja nikamuuliza faraghani. Walioridhika: 12. Ni asilimia 60 ileile, ila uzito wake si ule wa mwanzo.

Hapa nilikosea kwanza. Nilitafuta uwezekano wa kupata 12 kamili: 0.8 ijizidishe mara 12, 0.2 mara 8, kisha zidisha kwa 125,970, ambazo ni njia za kuchagua watu 12 kati ya 20. Jibu ni 0.022. Nilikuwa karibu kuliandika, nikajaribu na 16, idadi inayotarajiwa kuliko zote. Nayo ikatoa 0.218 tu! Kumbe idadi moja kamili huwa na uwezekano mdogo hata pale mambo yanapokwenda kama yalivyosemwa. Kinachotakiwa ni kujumlisha uwezekano wa kila idadi kuanzia 0 hadi 12, na jumla yake ni 0.032.

Mwenzangu mmoja akasema, "Basi ndugu, tuandike kuna uhakika wa asilimia 97 kwamba wanadanganya." Nikakataa katakata. 0.032 inaeleza jinsi majibu kama yetu yangekuwa adimu endapo kauli yao ni kweli. Haielezi nia ya mtu, wala haisemi kauli yao ina nafasi ya asilimia 3 ya kuwa kweli.

Kwenye kikao na uongozi niliweka hesabu mezani, nikauliza swali moja: dodoso lenu lilijazwa vipi? Wakajibu kwamba wasimamizi wa zamu ndio waliolikusanya, mkono kwa mkono, likiwa na majina. Hakuna aliyebishana zaidi. Tumekubaliana lirudiwe bila majina, kwa sanduku, kwa watu 60 watakaopatikana kwa kura. Vikaratasi vya namba ninavyo bado.