Sauti ya Baba

Mwezi wa nane mwaka jana nilipiga simu nyumbani kuuliza kama stima imerudi. Ikapokelewa na mwanamume. "Haloo," akasema polepole, akilivuta neno kama mzee anayeinuka kitini. Nikakata. Nilikuwa nimesimama jioni kituo cha mabasi cha Kencom, katikati ya Nairobi, watu wananipiga kumbo, nami miguu imegoma, maana sauti ile niliijua na mwenyewe tulimzika 2014.

Nikapiga tena.

"Mathe, mbona unakata? Stima imerudi."

Kumbe ni mwanangu. Miaka 14.

Huyu ni wa pili. Kakake alibeba jina la upande wa baba yao, na huyu alipozaliwa Pumwani, Desemba 2010, akapewa la baba yangu. Kwa hiyo sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nilimwita Baba. Baba, njoo unyonye. Baba, tema huo mchanga. Jirani mmoja aliyehamia karibu nasi aliniuliza kwa upole mzee wangu anaugua nini, kwa vile alinisikia kila asubuhi nikimbembeleza Baba ale uji. Tulicheka sana. Lakini kwangu lilikuwa jina la mapenzi tu; sikutarajia siku moja litanijibu.

Maneno yake ya kwanza ya maana yalikuwa ya makanga. Tunakaa Buruburu, matatu za 58 ndizo zetu, na kabla hajafika miaka minne alishajua kusimama ukingoni mwa kochi, mkono mmoja umeshika pazia kama ndiyo mlango, anapiga kelele kuita abiria wa mjini kwa shilingi ishirini: "Tao mbao! Tao mbao! Wawili wa haraka!" Sisi wote tulikuwa abiria. Ukishuka bila kulipa anakufuata hadi jikoni. Marehemu baba alikuja Jumapili kutoka Makongeni, naye akapandishwa kama wengine. Ila yeye alikuwa mtu wa reli, alimaliza ujana wake wote kwenye karakana ya treni, na matatu hakuziheshimu hata kidogo. Akakataa kukaa. "Tiketi yangu iko wapi?" Mtoto akaduwaa, kisha akachana pembe ya gazeti akampa. Jumapili iliyofuata mzee alikuja na kipande kilekile mfukoni mwa shati, akasema hiyo ilikuwa ya kwenda na kurudi, halipi tena. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Mzee hakuiona SGR, treni mpya ya Nairobi hadi Mombasa. Ilipoanza 2017 niliwapeleka wavulana Mombasa, daraja la kawaida, shilingi 700. Tulipofika Tsavo ndovu wakaonekana na behewa zima likahamia madirisha ya upande mmoja. Kijana wangu hakuwa na habari na ndovu. Aliniuliza, kwa ile sauti yake nyembamba iliyopenya kila sikio, "Mama, hii ndiyo treni ya guka?" Nikamwambia ya guka, yaani babu yake, ilikuwa na reli nyembamba zaidi na haikuwa na haraka hivi. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu akageuka akatabasamu. Sijui kwa nini hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko bahari.

Halafu ikaja Machi 2020, shule zikafungwa. Yeye alikuwa Gredi ya 4, lile kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, na Oktoba wao, darasa la 8 na kidato cha 4 wakatangulia kurudi. Nilishukuru. Miezi saba nyumbani hakunyamaza hata dakika tano. Kazi za shule nazo! Nimewahi kukata kitenge changu kizima kutengeneza sanamu ya kutishia ndege, mimi ninayeishi orofa ya tatu. Ukiwa mzazi wa kundi la kwanza huna wa kumuuliza. Unabandika gundi tu na kuomba Mungu.

Kisha akanyamaza. Akiwa na miaka 13 sauti ilianza kumkwaruza, inapanda na kushuka bila ruhusa yake, na badala ya kuaibishwa nayo akaamua kuifungia ndani. Kanisani akawa anachezesha midomo tu. Nyumbani nikawa napewa neno mojamoja. Shule? Poa. Chakula? Iko sawa. Anakaa mezani anachora nganya, zile matatu zenye rangi za kupiga kelele, anazichora mpaka misumari ya bampa, na mimi napita nyuma yake nikiwa na kikapu cha nguo nikitamani yule makanga wa kochi.

Kwa hiyo Agosti ile, nilipofika nyumbani, nilimwangalia tofauti. Nikamwomba aseme haloo tena. Akakataa, bila shaka.

Ilipofika wakati wa kuamua atasomea nini sekondari pevu, mimi nilitaka sayansi na hisabati, niseme ukweli. Nilikuwa na hoja zangu, nimezipanga. Akanisikiliza zote. Akaweka penseli chini. "Mathe, nimefikiria. Naenda Sanaa."

Neno hilo. Baba alipodhoofika tulimsihi ndugu wote ahamie kwetu, tukaita hata mchungaji, naye akatusikiliza mpaka mwisho, halafu: "Nimefikiria. Nabaki Makongeni." Hakuna aliyewahi kushinda neno hilo. Nikabeba kikapu changu nikaenda kuanika nguo.

Januari alienda bweni. Suruali nilimwachia pindo la inchi tatu, ingawa fundi alisema nyingi mno. Jumapili iliyopita alipiga kwa simu ya shule. Anataka njugu karanga, sabuni, na soksi nyeusi, si zile za kijivu nilizompa.

"Sawa, Baba."

"Mathe, siku ya kututembelea usiniite hivyo. Wasee watasikia."

Nikamuuliza nimwite nani basi. Kimya. Nilimsikia akivuta pumzi, anafikiria, na nyuma yake mvulana mwingine analalamika kwamba dakika zimeisha.

"Wacha tu," akasema. "Lakini polepole."