Jumba lililoungua mara mbili

Mtaliano mmoja aliyefikia Shela alikuja karakanani kwangu, Langoni, hapa Lamu, kuagiza mlango wa nakshi. Nikawa namchongea waridi kwenye kipande cha mbambakofi aone mkono wangu, naye akanionyesha kwenye simu picha za La Fenice, jumba la opera la Venice.

Mtu wa Amu haelezwi sana Venice: maji, vichochoro, gari hakuna. Jumba hilo lina mlango wa uwanjani na mlango wa mferejini, mtu anashuka chomboni akaingia moja kwa moja. Lilijengwa na Giannantonio Selva, likafunguliwa Mei 1792, na jina lake ni la yule ndege wa hadithi anayeungua kisha akafufuka kwenye majivu yake. Desemba 1836 likaungua kweli. Ndugu wawili wa ukoo wa Meduna wakalisimamisha tena, mwaka haukupita sana. Humo ndimo Rigoletto, opera ya Verdi, ilipoimbwa mara ya kwanza, 1851, na La traviata, 1853.

Usiku wa 29 Januari 1996 moto ukarudi. Mafundi umeme wawili, kazi imewachelewa na faini inawangoja, walilichoma kwa makusudi. Mahakama iliwatia hatiani. Mifereji ya karibu ilikuwa imekaushwa isafishwe, boti za zimamoto zikashindwa kusogea. Mji mzima umo majini, na maji hayapo yanapotakiwa.

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu paa la makuti la jirani liliposhika moto, na bahari imekupwa. Tulipanga mstari wa ndoo, matope magotini, tukiyafuata maji yalikokwenda. Mlango wa nyumba ile aliuchonga marehemu babu yangu. Asubuhi tulikuta misumari ya shaba tu. Picha hakuna aliyekuwa nayo. Mjomba akauchonga upya kwa kukumbuka, miezi minne, kisha akakaa barazani akiutazama.

“Mjomba, umependeza,” nikamwambia.

“Umependeza, mwanangu. Lakini si ule.”

Wenzetu wa Venice walikuwa na cha kushika. Waliazimia lirudi kama lilivyokuwa, pale lilipokuwa, kwa mchoro wa Aldo Rossi, aliyefariki 1997 bila kuliona. Walitafuta picha za zamani, hata filamu ambayo Luchino Visconti aliipigia humo miaka ya 1950, wakaitazama picha kwa picha wapate mapambo yalivyokaa. Ukumbi wakautengeneza kwa mbao, maana mbao huipokea sauti ya mwimbaji na kuirudisha. Mapambo mengi unayodhani yamechongwa ni karatasi iliyolowekwa kwa gundi, ikakandamizwa kwenye kalibu, ikapakwa dhahabu. Nilivuta ile picha kwa vidole mpaka jani moja likajaa kioo cha simu. Ukingo wake umepinda kama jani la kweli. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Desemba 2003 milango ikafunguliwa.

Mlango wa mgeni wangu nilimaliza Jumamosi. Kabla hamali hawajaubeba kwenda mashuani niliupiga picha mbele na nyuma, nikapima kina cha kila waridi, nikaandika daftarini: milimita sita, sita, saba.