Shule ya kutwa yenye nembo ya bundi, hapa Manchester

Wabongo tukisikia shule ya kutwa akili inakimbilia shule ya kata, dawati moja watoto wanne na jioni wanagombania daladala konda hataki wanafunzi. Shule ya maana kwetu ni bweni bwana, tranka, godoro, kufuli, Tabora Boys, Ilboru, unamwacha kijana getini ukija kumwona likizo sauti imeshabadilika. Sasa huku nilipo shule ya wavulana yenye jina kubwa mji mzima ni ya kutwa, ipo tangu 1515, na jioni kila mtoto anarudi kwao kula.

Ni Manchester Grammar School, iko Old Hall Lane, ukitoka mjini na basi la Wilmslow Road unapita ile migahawa ya Rusholme inayonukia nyama ya kuchoma mpaka unameza mate, halafu kabla ya Fallowfield yenyewe unashuka. Mimi napita hapo nikienda shifti, nafanya kazi ya kea nyumba ya wazee upande huo, kwa hiyo naijua kwa macho ya mpita njia. Tofali nyekundu, upinde mkubwa katikati, ukichungulia unaona uwanja wa mraba na majengo yameuzunguka, halafu nyuma huko ndiyo viwanja vya raga na kriketi. Ekari 28 jamani! Kwenye mji ambao sisi wengine tunaishi nyumba zimegandana unasikia mpaka jirani akipiga chafya.

Zamani hawakuwa hapo. Walikuwa mjini kati, karibu na kanisa kuu na stesheni ya Victoria, wakabanwa na moshi na kelele, 1931 wakahamia huku kwenye nafasi. Majengo waliyoacha sehemu ilipigwa na mabomu ya Wajerumani vita ya pili, sehemu iliyobaki wanaitumia Chetham's, ile shule ya muziki.

Kilichonishtua siku ya kwanza ni nembo. Bundi! Watoto wamevaa bundi kifuani wanacheka kituo cha basi, mimi nikakumbuka bibi yangu, bundi akilia juu ya bati usiku hakuna anayelala nyumba ile. Kumbe mwanzilishi alikuwa askofu anaitwa Hugh Oldham, mtu wa Lancashire aliyepewa uaskofu Exeter kusini huko, na jina lake kwa lafudhi ya enzi zile lilisikika kama lina "owl", yaani bundi kwa Kiingereza, ndani, basi akaweka bundi kwenye ngao yake na shule ikarithi.

Huyo askofu alikuwa na akili ya biashara sio mchezo. Alitaka watoto wasome bure, akachukua vinu vya nafaka vya mto Irk akavifanya mfuko wa shule, na watu wa Manchester hawakuruhusiwa kusaga kwingine, upende usipende unga wako unapita kinu cha shule. Watu walilalamika weee, kesi mahakamani, mpaka karne ya 18 Bunge likawaondolea hiyo lazima kwenye nafaka lakini kimea cha kutengenezea bia kikabaki palepale. Yaani walevi wa Manchester wamesomesha watoto wa watu!

Leo bure kwa wote hakuna. Mpaka 1976 serikali ilikuwa inachangia, baadaye ikawa inalipia baadhi ya wanafunzi tu, na huo mpango nao serikali ya chama cha Labour ikaufuta 1997, kwa hiyo ada sasa inazidi paundi 15,000 kwa mwaka na tangu Januari 2025 ada za shule binafsi zina VAT asilimia 20 juu yake. Kwa mshahara wa kubeba boksi hapo ni kicheko. Na hilo la kufaulu ukakwamia pesa lina historia hapohapo: James Chadwick, yule aliyegundua nyutroni 1932 akapewa Nobel 1935, alipata skolashipu ya shule hii utotoni, wazazi wakashindwa hela ndogo iliyobaki, akaenda shule nyingine ya mjini. Mwingine aliyesoma hapo kabisa ni Ben Kingsley, yule muigizaji aliyecheza Gandhi, na babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar, sasa tusijifanye hapo ni ugenini saaana.

Nayaandika haya kwa sababu kwenye vikao vyetu nasikia mambo mawili yote siyo. Wengine wanaona neno grammar wanadhani ni bure kama zile grammar za serikali kule Trafford, wilaya ya jirani, hapana, hii inalipiwa. Wengine wanasema ni ya matajiri usisogee, na hapo ndiyo wanakosea zaidi maana kuna basari, yaani msaada wa ada, wanaangalia kipato cha nyumba nzima, mtoto akifaulu mtihani wa kuingia akiwa na miaka 11 ada inaweza kupunguzwa sana au hata kufutwa. Ugumu wa kweli ni huo mtihani, wenzetu wanalipia tuisheni mapema wakati sisi tunashtukia muda umeisha.

Na mimi kutwa naipenda kuliko bweni, nimelala bweni miaka mingi najua ninachosema. Mtoto akirudi jioni unamwona uso, unajua kama kapigwa au kacheka, na Kiswahili hakimtoki. Shida ni umbali tu, kuna mabasi ya shule yanawaleta mpaka toka Cheshire lakini nauli juu yako, kwa hiyo piga hesabu ya basi kabla hujapiga ya ada. Mwenye dogo yuko Year 5, yaani miaka tisa au kumi, aanze sasa, na karatasi zako za mshahara usizitupe, ni za kuombea basari, hasa wewe wa shifti za ejensi ambaye kila wiki namba ni tofauti.